Mstari wa Mwisho wa Wimbo wa Njia

Ujerumani, mwezi wa Novemba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua umeitikia marahaba huku unapapasa miwani, nayo iko juu ya kabati la vyombo ulikoiacha baada ya kuchambua mchele. Ivae, kisha uketi, maana nina mengi. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na kile kifua kilichonitesa wakati wa baridi iliyopita hakijarudi. Habari za mgongo wako? Habari za kuku, na za ule mpapai uliokuwa unaegemea ukuta wa jirani? Mvua zimeshika huko, au bado mtaa wote wa Kanyenye ni vumbi na lawama?

Utajiuliza kwa nini nimerudi kwenye kalamu wakati simu zipo. Sababu ni wewe mwenyewe. Kila ukipokea wewe, unaiweka simu mezani kwa sauti kubwa ili Baba naye asikie, dada Tabitha anasikiliza kutoka jikoni, na mimi najikuta naongelea kuku. Ninachotaka kusema safari hii siwezi kukisema Baba akiwa amekaa hapo. Mama Mchungaji, yule mwenyeji wa Sikonge anayeishi mtaa wa pili na mimi, anakuja likizo, na ameahidi kukukabidhi barua hii mkononi. Isome chumbani ukiwa peke yako. Kuna kitu kimoja tu humu ambacho ni cha Baba, nitakuambia nikikifikia.

Huku sasa giza linaingia saa kumi jioni. Sijalizoea na sidhani nitalizoea. Kazi ni ile ile ya kuwatunza wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani, kuwasikiliza. Imenifundisha mambo ambayo sikutaka kuyajua mapema hivi. Nimejifunza kuangalia miguu kwanza. Uso wa mzee unaweza kukudanganya, anatabasamu na kukuuliza umekula nini, lakini miguu haijui kudanganya. Baada ya miguu nasikiliza pumzi, anavuta wapi, na je, sentensi inaisha kabla hajavuta tena. Nakuomba uyaweke haya akilini unapoendelea kusoma.

Mwisho wa wiki ndiyo natoa tromboni kwenye mfuko wake. Nilipokuambia nimepata nafasi kwenye okestra, ulimshukuru Mungu ukidhani tunapiga tenzi. Nikakuambia tunapiga muziki wa gemu, ukauliza kama ni kamari. Mama, siyo kamari. Ni zile zile gemu za kwenye tivii zilizokufanya uende kwenye kibanda cha pale kona na kandambili mkononi, ukamtoa mtoto wa dada Tabitha kwa sikio mbele ya wenzake. Kila gemu ina muziki wake. Mtoto akiwa msituni unapigwa wa msitu, akiingia vitani unapigwa wa vita. Waliokulia kwenye gemu hizo sasa ni watu wazima wenye ndoa na kazi, na wanautamani muziki ule kama wewe unavyotamani nyimbo za kwaya ya usichana wako. Basi wapo wanaoupanga upya kwa ajili ya okestra kamili, fidla, filimbi, matarumbeta na ngoma, na ukumbi unajaa mpaka juu. Wengine wanakuja wamevaa ngozi na kubeba mapanga ya mbao ili wafanane na watu wa ndani ya gemu. Siku ya kwanza nilicheka nikashindwa kupuliza.

Jambo moja ulielewe, maana yote yanayofuata yanasimama juu yake. Muziki wa gemu hauna mwisho. Mtoto akikaa porini saa nzima, wimbo unamaliza na kurudi mwanzo, unamaliza na kurudi, mpaka atoke pale au mtu wake wa kwenye gemu afe. Ukisikia muziki umesimama, ujue mtu ameanguka. Sisi hatuwezi kuzunguka hivyo, tuna midomo inayochoka na watazamaji wana treni za kuwahi. Kwa hiyo kila wimbo lazima utafutiwe mwisho kabla haujapanda jukwaani. Hiyo ni kazi ya Yonas, kijana mpole anayepanga muziki wetu na kutuongoza.

Mwezi wa tisa Yonas alituletea wimbo wa gemu mpya inayohusu msafara wa zamani. Alituonyesha kwanza kwenye skrini. Watu wamebeba mizigo vichwani na mabegani, wanatembea katika nchi kavu, miombo imepukutika, udongo mwekundu, mbele hakuna kitu. Kila baada ya muda mmoja anaanguka. Wenzake wanagawana mzigo wake na kuendelea. Yonas alisema anayecheza hawezi kumsaidia aliyeanguka, gemu haimruhusu, anachoweza ni kutembea tu. Niliitazama njia ile nikaijua. Usifikiri nasema inafanana na ya kwetu. Ni ya kwetu, ile inayotoka Kigwa kuja mjini Tabora, na yale mawe makubwa ya pembeni yako mahali pake. Nilijisikia vibaya, nikadhani ni hamu ya nyumbani.

Akagawa karatasi za noti, tukaanza. Tromboni ndizo zinazoingia kwanza. Mkono wangu ulijua kabla ya macho. Nilikuwa tayari nausukuma kwenda noti inayofuata kabla sijaisoma. Mama, ulikuwa Wimbo wa Njia.

Tulipiga mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Baada ya wa tatu karatasi ilisema turudi mwanzo. Mimi sikurudi. Nilishusha tromboni mapajani nikasema kwa sauti "Bado," kama tunavyofanya kwenye mazoezi ya Baba, na okestra nzima ikaendelea bila mimi. Yonas alisimamisha. Wenzangu walicheka, walidhani nimeishiwa pumzi. Aliniuliza nimesema neno gani, na kwa nini nimeshusha chombo wakati wimbo unaendelea.

Wewe huna haja ya kuelezwa, umeusikia wimbo ule tangu ulipoolewa mtaa huo. Lakini wale ilibidi niwaeleze, na nakuandikia nilivyowaeleza ili uone nilikuwa katika hali gani. Niliwaambia kwetu Tabora kikundi cha matarumbeta cha kanisani, ambacho baba yangu ni kiongozi wake, kina wimbo mmoja usiokuwamo kitabuni. Wazee walisema ulitoka kwa wapagazi waliopita njia ile na pembe za ndovu. Waliuimba walipomwacha mwenzao kando ya njia, na babu zetu walipopewa matarumbeta wakauhamishia humo. Una mistari minne. Mitatu tunaipiga wote. Wa nne anaupiga kiongozi peke yake, kwa pumzi moja, siku ya msiba tu, ili mtaa ujue kuna aliyefariki. Mazoezini hatuufikii kamwe. Tukimaliza wa tatu tunashusha vyombo, kila mmoja anasema "bado," kisha tunaanza upya au tunaenda nyumbani. Kuusikia mstari wa nne tumeusikia wote, lakini kuupiga ni wa mmoja, mpaka yeye mwenyewe amwachie mwingine.

Hakuna aliyecheka tena. Mwanamke wa fidla aliyekaa mbele yangu alisogeza kiti chake kidogo.

Ndipo nikamkumbuka yule mgeni mrefu mwenye vipaza sauti aliyepita kwetu miaka ile, akipiga picha za njia na kurekodi upepo, baiskeli, na hata wewe ukitwanga karanga, mpaka ukamwambia kama anaupenda mchi sana atwange yeye. Baba alimruhusu kurekodi mazoezi. Aliondoka na mistari mitatu na nyuma yake mchi wako, na kwa gemu wimbo usio na mwisho ulimfaa kabisa. Siku hizi kila ngoma yetu kubwa inapopiga mara mbili na kusita, nakuona wewe uani umekaza kanga.

Yonas alikuwa na furaha ambayo ilinitisha. Alikuwa amehangaika na wimbo ule kwa muda mrefu akiutafutia mwisho, na sasa anaambiwa mwisho upo tangu zamani, na kwamba mtu anayeujua amekaa kwenye tromboni zake. Akaniomba nimpigie. Nikasema sijapewa. Akasema basi tumwombe mwenyewe. Nilikubali upesi, Mama, kwa sababu nilijua Baba atakataa. Nilikuwa nimeshaandaa na maneno ya kumpelekea Yonas: baba yangu amesema hapana, na kwetu hapana ya mzee haijadiliwi.

Jumapili niliyompigia Baba ulikuwepo, lakini ulisikia upande mmoja tu, maana safari hiyo Baba aliichukua simu mezani akaiweka sikioni. Ninaandika sasa alichoniambia, kwa sababu sidhani kama amekuambia.

Nilimweleza yote. Nilipomaliza nikasubiri kugombezwa. Badala yake akauliza, "Onyesho lenyewe lini?"

Nikamwambia mwisho wa mwezi wa kumi.

"Mwisho wa mwezi unafaa," akasema. "Sikiliza, mama. Nitauimba mara moja."

Unajua ananiita mama kwa ajili ya jina la bibi, na siku zote neno hilo hunifanya nicheke. Siku hiyo sikucheka. Aliimba. Baba aliyekuwa akiupiga mstari ule mpaka sisi wasikilizaji ndio tunaoishiwa pumzi, safari hii alivuta katikati. Akaenda noti chache, akavuta tena. Kifua chake nilikisikia kikichemka kama sufuria ya maharage iliyofunikwa. Alipomaliza aliniambia niurudie, nami nikaurudia vile vile alivyouimba. Akanikatiza.

"Usivute pumzi pale kati."

"Wewe umevuta, Baba."

"Mimi nimevuta. Wewe usivute."

Nikauimba upya bila kuvuta. Akaguna, ule mguno wake wa kukubali. Nilipaswa kushukuru na kuaga, lakini nikauliza ikiwa nitaupiga mahali ambapo hakuna msiba, itakuwaje. Alikohoa, akangoja kikohozi kitulie.

"Hutaupiga bila mtu," akasema.

Kisha akakupa wewe simu, ukaanza kuniambia kuku wamehatamia.

Mama, nilikusikiliza habari zote za kuku na sikusikia hata moja. Nilikuwa namkumbuka marehemu Mzee Kasanda, aliyekuwa kiongozi kabla ya Baba. Wewe mwenyewe ulituhadithia kwamba alimwita Baba kitandani kwake wakati mahindi ni mabichi, akamwimbia mstari ule, akamwambia nenda. Mahindi hayakukauka shambani kabla hatujamzika. Hakuna kiongozi aliyeutoa mstari ule akaendelea kukaa. Mimi niliomba kitu nikitegemea kunyimwa, nikapewa upesi, bila hata kuulizwa nitautunza vipi.

Baada ya hapo nikaanza kuangalia nyuma. Nikaitafuta picha ya Pasaka aliyonitumia dada Tabitha. Kikundi kizima kimesimama, Baba peke yake amekaa, kavaa suti yake ya bluu na chini ndala. Ulisema kiatu kilikuwa kinambana. Niliikuza picha. Nimeona miguu ya namna ile kazini, inaacha kishimo ukiibonyeza. Na tromboni ya kwanza kwenye picha hiyo ameishika Eliya, mwanafunzi wake. Ulisema Baba ameamua kuwapa vijana nafasi. Baba, Mama? Huyu ambaye hakumpa mtu nafasi hata siku aliyong'olewa jino?

Halafu ile wiki mliyosema amekwenda Nzega kumsalimia Baba mdogo. Nilimpigia Baba mdogo mwezi uliopita kumjulia hali tu. Kabla sijamaliza salamu akasema, "Pole na kuuguza, mwanangu." Kisha akaanza kuniuliza habari za hali ya hewa ya Ulaya, mtu ambaye hajawahi kuniuliza hali ya hewa maisha yake yote. Nilimjibu kuna baridi. Tukaagana.

Nimekasirika, Mama, acha niseme. Najua mnanificha kwa kunipenda. Najua mmekaa nyinyi watatu mkaamua Nyamizi asisumbuliwe, yuko mbali, ana kazi, atalia peke yake. Lakini mimi kila asubuhi nashika miguu ya wazee wa watu. Najua ya nani imevimba tangu jana, najua ya kupakwa mafuta na ya kuinuliwa kwenye mto. Ya baba yangu naitazama kwenye kioo cha simu. Kama ni moyo, niambieni ni moyo. Kama ni figo, niambieni. Kama daktari amesema neno lililowafanya mnyamaze njia nzima mkirudi nyumbani, niambieni na hilo. Hofu ninayoitengeneza mwenyewe katika giza hili ni kubwa kuliko lolote mtakaloniambia.

Kwa wiki zote zilizobaki sikuwa na amani. Nikiupiga kama nilivyopewa, ni mimi ninayeutangazia ulimwengu kwamba Baba amekwenda, naye yuko Kanyenye anakunywa chai yake ya tangawizi. Nikikataa kuupiga, nimekataa kitu anachokitoa mtu mara moja tu. Nilimwendea Yonas nikamwambia siwezi. Hakunilazimisha. Alisema ataandika mwisho wake mwenyewe, na kwenye mazoezi yaliyofuata tukaujaribu. Ulikuwa mkubwa, wenye matoazi na ngoma, kama watu wanarudi kutoka kushinda vita. Nilitazama kwenye skrini wale wapagazi wanavyoanguka mmoja mmoja, na huku chini sisi tunashangilia. Nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia futa, nitaupiga.

Siku ya onyesho nilivaa nguo nyeusi kama wote, na chini yake kipande cha kanga yako, kile kilichounguzwa na mkaa wa pasi. Ukumbi ulijaa. Wimbo wetu ulikuwa wa mwisho. Taa zikapungua, ile njia ikatokea kwenye skrini kubwa nyuma yetu, na mchi wako ukaanza kutoka kwenye ngoma. Tukapiga mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tukazunguka, tukazunguka tena, kila mara taratibu zaidi, wapagazi wakipungua, mpaka pale njiani akabaki mmoja tu anatembea. Yonas akainua mkono, wote wakanyamaza, akanitazama.

Nilivuta pumzi ya kutosha, Mama. Nataka ujue hilo. Nilikuwa nayo yote, ingenifikisha mwisho na kubaki. Nikaanza kama alivyoniimbia. Nilipofika katikati nikasimama, nikavuta pumzi. Nikapiga noti zile chache, nikavuta tena. Pale pale alipovuta yeye. Nilisikia wenzangu wakijisogeza vitini, walidhani woga umenishika. Nikamaliza. Watu wakapiga makofi muda mrefu. Yonas alikuja nyuma ya jukwaa akanishika bega, akasema nisijali, tutakwenda nao miji mingine na nitatulia. Sikumweleza kitu.

Nilifanya makusudi. Unakumbuka msiba wa mwalimu mkuu, Baba alipopaliwa katikati ya mstari? Wabebaji walikuwa wameshainama, wakaliacha jeneza chini. Ilibidi Baba arudi mstari wa kwanza, kikundi kizima kiingie naye upya, na umati wote umesimama juani unasubiri. Mstari uliovunjika hauhesabiki. Mpaka usikike mzima, hakuna anayebebwa. Hiyo ni sheria ya wazee wenyewe, siyo yangu, nami nimejificha ndani yake.

Lakini sitakudanganya kwamba nina amani. Usingizi umepungua. Wakati mwingine nafikiri nimefanya vizuri, nimemfungia mlango. Wakati mwingine nafikiri nilichokipiga mbele ya watu wote wale ni pumzi yake hasa, kama inavyokatika sasa hivi, na sijui kama kufanya hivyo si kubaya zaidi. Hapa hakuna mtu wa kumuuliza. Kesho yake Baba alipiga simu mwenyewe, akauliza neno moja tu, habari ya mstari: "Umefika?" Nikasema mtandao mbaya, nikakata. Siwezi kumdanganya kwa sauti, anasikia. Tangu siku hiyo kila nikipiga anapokea dada Tabitha, na kila mara Baba amejipumzisha. Asubuhi amejipumzisha, jioni amejipumzisha.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. La kwanza, mwambie dada Tabitha aniandikie ujumbe kwa simu yake, ukweli mtupu, neno la daktari lilivyo. Usilirembe na usilipunguze. Mimi ni mtu mzima, nimewafumba macho watu wasio ndugu zangu.

La pili ndilo la Baba. Katika bahasha hii kuna flashi ndogo, ina rekodi ya onyesho. Redio yenu inaipokea, dada Tabitha anajua pa kuichomeka. Ngoja siku ambayo amekula vizuri na anaweza kukaa, mwekee mito mgongoni, kisha umsikilizishe mpaka mwisho. Usimwandae. Usimwambie niliyokuandikia. Atausikia mwenyewe.

Likizo yangu imekubaliwa. Nikishuka Dar es Salaam sitalala, nitapanda basi la kuja huko na tromboni yangu. Nitakuwa Kanyenye kabla ya Krismasi.

Nisalimie dada Tabitha, mwambie simlaumu, najua ndiye anayekesha naye. Msalimie mwanawe, na asithubutu kukuuliza kama mama yake mdogo analipwa kucheza gemu. Msalimie Baba mdogo wa Nzega, mwambie ulimi wake ulinifaa na asijilaumu. Msalimie shangazi wa Igunga ukimpata kwenye simu. Msalimie Eliya na kikundi chote cha matarumbeta, na mwambie Eliya tromboni ya kwanza aitunze, lakini wimbo ule wasiufanyie mazoezi mpaka nifike.

Na wewe Mama, ule. Najua ukiuguza huli.

Baba akishasikiliza ile rekodi atauliza kwa nini nimevuta pumzi mahali alipokataza. Mwambie Nyamizi anasema hakuelewa. Mwambie anasema mambo haya hayafundishiki kwa simu, anataka afundishwe ana kwa ana, chombo kikiwa mdomoni, noti kwa noti, hata ikichukua miezi. Atakasirika sana. Atadai simu anigombeze. Usimpe, Mama. Mwache akasirike mpaka nifike.

Mwanao aliye njiani,
Nyamizi